Kesi imeshaamuliwa? Fanya haya kabla ya kufungua nyingine

Nimetoka kumsaidia mama mmoja aliyerithi mgogoro wa kiwanja. Marehemu baba yake alishindwa barazani, hakukata rufaa. Mama huyo akafungua shauri jipya kwa jina lake, akiamini jina likibadilika na kesi imebadilika. Likawekwa pingamizi la awali (hoja ya kisheria ya kulizuia shauri kabla halijasikilizwa), shauri likatupwa, na gharama akabebeshwa yeye. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Tanzania, na kosa hili nakutana nalo kila mara.

1. Tafuta uamuzi wa zamani, usome amri ya mwisho.
Shauri "lililoondolewa" kwa kasoro ya kisheria, bila ushahidi kusikilizwa, kwa kawaida unaweza kulirekebisha na kulirudisha. "Lililotupwa" ni habari nyingine, kwa kawaida hulifungui tena, hata kama limetupwa kwa kuchelewa tu.

2. Lipime kwa kifungu cha 9.
Ni cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33 (kwa namba za toleo la 2019). Jambo lilelile, wadaawa (pande za kesi) walewale au wanaodai kupitia kwao, kwa haki ileile, mbele ya chombo chenye mamlaka, likaamuliwa hadi mwisho: hapo umefungwa. Mrithi anadai kupitia kwa marehemu, kwa hiyo naye yumo. Hata hoja mliyopaswa kuitoa wakati ule mkanyamaza, inahesabiwa kuwa iliamuliwa.

3. Chagua njia.
Hukumu ilitolewa upande mmoja bila wewe kuwepo? Omba itenguliwe, ndani ya siku 30. Umepata ushahidi mpya ambao hata kwa bidii usingeupata mwanzo, au kuna kosa la wazi kwenye kumbukumbu? Omba mapitio, yaani chombo kilekile kiutazame upya uamuzi wake, siku 30 pia. Mengine kwa kawaida ni rufaa. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa shauri lililoanzia humo, kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Mimi mapitio siyapendi. Watu huyatumia kubishana upya na hakimu yuleyule, na wakati huo siku za rufaa zinakwisha.

4. Kama umechelewa, eleza kila siku.
Hapa ndipo tulipoumia. Maombi yetu ya kwanza ya kuongezewa muda wa kukata rufaa yalikataliwa kwa sababu ya siku 11 kati ya kupokea nakala ya hukumu na kuwasilisha maombi. Mama alikuwa anachangisha nauli na ada, lakini kwenye kiapo (maelezo ya maandishi yanayoapwa na kuambatana na maombi) hilo hatukuliandika hata kwa neno moja.

Katika shauri la Lyamuya Construction (Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010) Mahakama ya Rufani iliweka vigezo: eleza kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, onyesha bidii na si uzembe, au onyesha dosari kubwa ya kisheria katika uamuzi wenyewe. Lisome TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure.

Chukua daftari, chora safu tatu: tarehe, nilichofanya, karatasi inayothibitisha. Usitegemee kichwa. Barua ya kuomba nakala ipeleke mapema na urudi na nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa, kwani muda wa kusubiri nakala huondolewa kwenye hesabu. Ulilazwa? Ambatisha cheti, lakini angalia tarehe ya kuruhusiwa, maana siku zilizofuata nazo zinadai maelezo. Ukisema karani fulani alikwambia urudi wiki ijayo, karani huyo naye aape kiapo chake. Bila hivyo ni maneno ya kusikia. "Sikujua sheria" usiandike kabisa, haikubaliki kuwa sababu.

Mstari wa daftari letu ukitoka mtupu, tunarudi nyuma kutafuta risiti au ujumbe wa simu wa siku hiyo kabla ya kugusa kiapo.

5. Wasilisha, lipa, mpelekee mjibu maombi nakala.
Kiapo kiapwe mbele ya kamishna wa viapo, tarehe na mahali vijazwe palepale.