Kumaliza viporo vya kazi mgahawani mvua ikinyesha

Masika ya Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, huleta siku ambazo kuanzia adhuhuri hakuna pa kwenda. Fundi hafiki, mteja anaahirisha, barabara zimejaa maji. Alasiri kama hiyo inafaa sana kukaa kwenye mgahawa wa kahawa, saa nane hadi saa kumi na moja, na kumaliza viporo: marejesho ya kodi, barua pepe zilizolala, risiti zilizojaa mkobani, ripoti iliyokwama ukurasa wa pili. Saa tatu zinatosha kwa mengi, ila kwa sharti moja: kazi zinazohitaji mtandao zitangulie, zisizouhitaji zifuate. Wengi hufanya kinyume chake. Huanza kuandika, na wanapotaka kutuma saa kumi jioni, mtandao umekwisha kuzorota.

Sababu zake zinajulikana. Umeme ukikatika mtaani, minara ya simu hutegemea betri au jenereta, na betri zina mwisho. Watu wote waliokwama na mvua hushika simu kwa wakati mmoja, hivyo mnara mmoja huelemewa. Mgahawa unaopata intaneti kwa dishi la setilaiti nao huyumba mvua ikiwa kubwa, kwa kuwa matone hufifisha mawimbi. Nyaya za faiba hazijali mvua yenyewe, lakini kifaa cha waifai kilichopo kaunta kinahitaji umeme kama taa.

Kabla ya kutoka nyumbani, andika kazi kwenye karatasi, si kwenye simu, na uzigawe mafungu matatu: za mtandao, za kufikiri, na za mkono. Fungu la pili liwe na kazi moja tu, mbili zikizidi. Kisha pakua mafaili yote utakayohitaji: fomu, taarifa ya benki, rasimu ya ripoti. Jaza betri ya kompyuta na ya simu hadi asilimia 100. Kama una pawabenki, soma maandishi yake. Yenye ujazo wa mAh 20,000 hubeba nishati ya takriban Wh 74, na baada ya upotevu wa njiani hujaza kompyuta mpakato ya kawaida mara moja hivi. Iwe inatoa wati 45 au zaidi kupitia tundu la USB-C. Zile za wati 10 ni za simu, na kompyuta nyingi hata hazitaitambua. Begi livalishwe kifuniko chake cha mvua. Usitegemee kuokota mfuko wa plastiki dukani, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019.

Kuhusu mahali, jambo la kwanza ni upande wa mto, hata kabla ya ubora wa kahawa. Mto Msimbazi umeshafurika mara nyingi pale Jangwani na kufunga Barabara ya Morogoro, mwendokasi nao ukasimama. Anayekaa Magomeni, Ubungo au Kimara asivuke kwenda Posta siku ya mvua kubwa kwa ajili ya kikombe cha kahawa. Atafute mgahawa upande wake, Mlimani City kwa mfano. Kijiwe cha kahawa chungu na kashata ni kizuri mno, lakini pale watu wamekuja kuzungumza, na kompyuta haina nafasi.

Ukiingia, tazama juu. Paa la bati tupu lisilo na dari litakufanya usisikie simu hata moja mvua ikichanganya, kwa hiyo kama una kikao, tafuta jengo la ghorofa. Kaa mgongo ukiwa ukutani, ili mtu asisome nywila yako begani, mbali na mlango unaopitisha manyunyu na mbali na mashine ya kusagia kahawa. Usikae chini ya kiyoyozi: hutiririsha maji, na hupoza kompyuta kupita kiasi, jambo ambalo lina madhara yake wakati wa kutoka. Chukua meza ya watu wawili. Msalimie mhudumu, mwambie utakaa muda gani, na umuulize mambo mawili: jina kamili la waifai yao, na kama jenereta hubeba soketi au taa tu. Swali hili la pili wengi hawaliulizi, nalo ndilo linaloamua kama utamaliza.

Dakika 60 za kwanza ni za mtandao. Anza na yale yenye tarehe ya mwisho. Kwa mwenye biashara, PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) hutakiwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na awamu za kodi ya makadirio, kwa anayefunga hesabu Desemba, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Toa kontroli namba, yaani namba ya kulipia, ilipe papo hapo, kisha uhifadhi nakala ya risiti kwenye kompyuta, maana ukurasa ukifungika katikati utahitaji ushahidi. Malipo na mambo ya benki yafanye kwa bando lako, usitumie waifai ya wote. Ukiunganisha kompyuta na simu, tumia waya wa USB badala ya hotspoti ya hewani: simu inapata chaji, na uunganisho hauyumbi ukumbi ukijaa. Iambie kompyuta pia kwamba mtandao huo una kikomo cha data. Usipofanya hivyo, itaanza kushusha masasisho yake na bando la GB 2 litakwisha kabla kahawa haijapoa. Kikao cha video hula takriban GB 1 kwa saa. Sauti peke yake haifiki hata MB 100, kwa hiyo zima kamera.

Barua pepe zijibu kwa mkupuo, za mistari mitatu kwanza. Inayohitaji kufikiri zaidi ya dakika tano ihamishie fungu la pili.

Ikifika saa tisa na robo hivi, zima waifai na data, kisha ingia kwenye kazi ya kufikiri kwa dakika 70. Hapa mvua inasaidia kweli: sauti yake hufunika mazungumzo ya meza za jirani, na simu za kuitwa nje hupungua. Agizo moja kwa kila saa moja na nusu ni haki kwa mwenye mgahawa, na bora la pili liwe chakula au chai ya tangawizi. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, hivyo kahawa ya saa kumi na moja bado inafanya kazi saa nne usiku. Kikombe kiweke upande wa mkono usioshika mausi, juu ya kisahani chake.

Kahawa ikimwagika kwenye kibodi, zima papo hapo kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia, chomoa chaja, igeuze kompyuta kifudifudi ikae kama paa la nyumba, na usiiwashe kwa saa 48. Yenye maziwa na sukari ni mbaya zaidi, kwa kuwa huacha utando unaonata na kula saketi. Hiyo ipeleke kwa fundi aisafishe hata kama inaonekana kukauka. Kuizika kwenye mchele hakusaidii.

Umeme ukikatika, chomoa chaja mara moja. Ukirudi, hesabu dakika tano kabla ya kuchomeka, kwani volti hupanda na kushuka umeme unaporejea au jenereta inapobadilishana na laini ya TANESCO. Chaja nyingi hufia hapo.

Nusu saa ya mwisho ni ya kazi za mkono, ambazo akili iliyochoka inaziweza. Risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, zimechapwa kwenye karatasi ya joto, na maandishi hufutika kwa jua na unyevu. Piga picha kila moja leo, juu ya meza nyeupe, na uipe jina linaloanza na mwaka, mfano 2025-04-12-mafuta, ili zijipange zenyewe. Futa picha zisizo na kazi. Hamisha yaliyobaki kwenye karatasi mpya ya kesho.

Ondoka kabla ya saa kumi na moja na nusu, maana foleni ya jioni ikikutana na mvua hata bajaji hazipatikani. Izime kabisa kompyuta, usiilaze tu, na uifunge ndani ya begi. Imetoka kwenye ubaridi wa kiyoyozi na kuingia hewa yenye joto na unyevu, hivyo ukiifungua njiani matone hujiunda ndani yake. Ukifika nyumbani iache begini nusu saa, ishike kwa mkono kuhakikisha imepata joto la chumba, ndipo uiwashe.