Jinsi ya Kuomba Usajili wa Kampuni ya Biashara ya Kimataifa Shelisheli

Shelisheli ni nchi ya visiwa 115 katika Bahari ya Hindi, na tangu mwaka 1994 sheria zake zimewaruhusu wageni kusajili huko kampuni zinazofanya shughuli zake nje ya nchi hiyo. Sheria ya mwanzo ilifutwa, na inayotumika sasa ni Sheria ya Kampuni za Biashara za Kimataifa ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Msajili wa kampuni hizi ni Mamlaka ya Huduma za Fedha, yenye makao yake Victoria, katika kisiwa cha Mahé. Mwombaji hahitaji kusafiri kwenda Victoria, na hata akisafiri hawezi kujipelekea maombi yeye mwenyewe, kwa kuwa sheria inataka yapitie kwa wakala mwenye leseni.

Kabla ya kumtafuta wakala, shughulikia kwanza suala la benki. Waombaji wengi huliacha mpaka mwisho, kisha hujikuta na cheti cha usajili kisicho na akaunti, wakati ada ya mwaka inaendelea kudaiwa. Kampuni kusajiliwa Shelisheli hakumaanishi kwamba itakuwa na akaunti Shelisheli au penginepo. Kila benki hufanya uchunguzi wake, na baadhi hazipokei kabisa kampuni za aina hii. Mashaka hayo yana historia: Umoja wa Ulaya uliiweka Shelisheli katika orodha yake ya nchi zisizotoa ushirikiano wa kikodi mwezi Februari 2020, ukaiondoa Oktoba 2021, ukairudisha Oktoba 2023, kisha ukaiondoa tena Februari 2024. Kwa hiyo iandikie benki unayoikusudia, ieleze kampuni itafanya nini, wateja wake watakuwa wapi na fedha zitatoka wapi, na uulize waziwazi kama itakubali. Jibu la benki ndilo litakalokuonyesha kama kuna haja ya kuendelea.

Benki ikikubali, chagua wakala. Wakala wa usajili ni lazima awe na leseni chini ya sheria ya mwaka 2003 inayosimamia watoa huduma za kampuni za kimataifa, na jina lake linapaswa kuonekana katika orodha ya wenye leseni inayotolewa na Mamlaka. Mara nyingi mtu unayewasiliana naye si wakala mwenyewe bali ni dalali aliye katika nchi nyingine, anayepeleka kazi kwa wakala aliyeko Mahé. Jambo hilo si kosa, ila ni haki yako kujua jina la wakala halisi, kwa sababu huyo ndiye atakayetoa anwani ya ofisi iliyosajiliwa ya kampuni na kupokea barua zote za Msajili. Omba pia mchanganuo wa gharama unaotenganisha ada ya serikali, inayolipwa kwa dola za Marekani, na malipo ya wakala. Bei ya mwaka wa kwanza huwa ya kuvutia kuliko ya mwaka wa pili.

Wakala atakutaka ujitambulishe kikamilifu kabla ya kuanza kazi. Kwa kawaida atahitaji nakala ya pasipoti iliyothibitishwa na wakili au mthibitishaji wa nyaraka, ushahidi wa makazi usiozidi miezi 3, kama vile bili ya umeme au taarifa ya benki, pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu chanzo cha fedha na shughuli iliyokusudiwa. Maelezo hayo yasiwe ya sentensi moja. Anayeandika «biashara ya jumla» atarudishiwa maswali kwa wiki kadhaa, ilhali anayetaja bidhaa, nchi anakonunua na nchi anakouza humaliza hatua hii mapema.

Jina la kampuni huangaliwa na wakala katika daftari la Msajili. Halipaswi kufanana na jina lililokwisha kusajiliwa, na ni lazima limalizike kwa neno au kifupisho kinachoonyesha kwamba dhima ya wanahisa ina kikomo, kama vile «Limited» au «Ltd». Maneno yanayodokeza benki au bima hayaruhusiwi bila idhini. Kizuizi hiki hakiishii kwenye jina tu, kwani kampuni inayotaka kufanya biashara ya benki, bima au udalali wa hisa inahitaji leseni mahususi, na tangu 2024 kuna sheria ya pekee kwa wanaotoa huduma za sarafu na mali nyingine za kidijitali.

Muundo wenyewe ni mwepesi. Anatosha mkurugenzi mmoja na mwanahisa mmoja, ambao wanaweza kuwa mtu yule yule, wa uraia wowote. Mtaji wa chini haukuwekwa. Wakala huandaa katiba na kanuni za kampuni kwa kiolezo chake, lakini soma vifungu vinavyohusu kuhamisha hisa na kumteua mkurugenzi mwingine mkurugenzi pekee anapofariki, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi hukwama. Hisa za mshikaji, yaani zile zilizokuwa mali ya yeyote aliyeshika karatasi, zilikwisha kupigwa marufuku.

Anayedhani kwamba kampuni hii itamficha amechelewa. Sheria ya Wamiliki Manufaa ya mwaka 2020 inataka kila mtu anayemiliki au kudhibiti, hata kwa kupitia wengine, asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura aandikwe katika daftari linalotunzwa na wakala, na taarifa hizo huingizwa pia katika hifadhidata ya kitengo cha upelelezi wa fedha. Kumweka mkurugenzi wa niaba, yaani mtu anayetajwa kwa jina tu badala ya mwenye kampuni, hakuondoi wajibu huo.

Nyaraka zikikamilika, wakala huwasilisha maombi na kulipa ada, na cheti cha usajili hutoka kwa kawaida ndani ya siku chache. Agiza wakati huo huo seti ya nyaraka yenye muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa serikali unaofanya nyaraka zikubalike katika nchi nyingine, kwa kuwa Shelisheli ni mwanachama wa Mkataba wa Hague unaohusu uthibitishaji huo na benki za nje huudai mara kwa mara.

Kuhusu kodi, msamaha wa jumla wa zamani umefutwa. Shelisheli hutoza kodi mapato yenye chanzo ndani ya nchi, na kwa kampuni zilizo katika makundi ya kimataifa yapo masharti ya ziada juu ya mapato kama riba na gawio. Zaidi ya hayo, nchi unakoishi ina sheria zake, na huenda ikaihesabu kampuni inayoongozwa kutoka kwako kuwa mkazi wake kikodi. Mwone mshauri wa kodi wa huko kabla ya ankara ya kwanza kutolewa.

Kila mwaka kampuni hulipa ada ya serikali na kumpa wakala tamko la mwaka. Kumbukumbu za hesabu hutunzwa kwa miaka 7, na tangu marekebisho ya 2021 ni lazima zipelekwe katika ofisi iliyosajiliwa Shelisheli mara mbili kwa mwaka, hata kama kampuni haikufanya biashara yoyote. Kampuni isiyolipa ada hutozwa faini, kisha hufutwa katika daftari, na ikishafutwa haiwezi kuendelea na biashara wala kugusa mali zake mpaka irejeshwe kwa gharama. Usipoihitaji tena, mwagize wakala aanze utaratibu wa kuifunga rasmi wakati ada bado imelipwa.