Kabla Hujakata Sponji: Sanduku la Zana za Fundi Kufuli

Masanduku mengi ya zana za kufuli huharibika kabla kisu hakijagusa sponji ya kulazia zana. Fundi huchonga matundu ya zana zilizopo mezani siku hiyo, halafu baada ya mwezi anaongeza tupa mbili na hakuna pa kuziweka. Tundu likishakatwa halirudi. Kwa hiyo anza na zana, si na sanduku: zimwage zote mezani, kisha toa zile zisizotoka dukani mwaka mzima.

Kwa fundi anayefuata wateja majumbani, mzigo huu unatosha: vichokoo vinane vya kuinulia pini, yaani vijiti vidogo vya ndani ya kufuli (ndoano fupi na ndefu, nusu almasi, na viwili vya mawimbi), vikaza vitano vya unene tofauti vya kugeuzia silinda, yaani moyo wa kufuli unaozungushwa na funguo, kichomoleo cha funguo iliyokatikia ndani, tupa ndogo tatu, kibano cha pini, kijiti cha duara cha kusukumia silinda pini zisiruke, bisibisi mbili, kalipa ya kupimia, na chupa ndogo ya unga wa grafiti. Vichokoo huwa na sentimita 16 hadi 18. Kumbe kinachoamua urefu wa sanduku si vichokoo bali kalipa, maana ile inayopima hadi milimita 150 huwa na sentimita kama 24 kutoka ncha hadi ncha. Ongeza ukingo wa sentimita 2 kila upande na nafasi ya vidole, upate sentimita 30 kwa ndani. Upana wa sentimita 20 na kina cha 8 vinatosha. Acha pia ukanda wa upana wa sentimita 5 usiokatwa kabisa. Huo ni wa zana ambazo bado hujanunua.

Sanduku lenyewe halina shida Tabora, ambako mninga upo kwa maseremala na hauchezi ukishakauka. Sharti ni hilo la kukauka. Mbao mbichi hupinda kifuniko na kutoa unyevu ndani, na chuma cha vichokoo kikapata kutu ndani ya sanduku jipya. Mbao ya unene wa milimita 12 kwa kuta na plaiwudi ya milimita 6 kwa sakafu itabeba yote. Bati hatulipendekezi: usiku likipoa hutoa jasho kwa ndani, na mchana juani huoka gundi. Anayefanya kazi Kigoma na kupanda maboti kwenda vijiji vya ziwani, ambako maji hayakosi chini ya boti, atafanya vizuri kutumia sanduku la plastiki gumu lenye mpira ukingoni. Ukilazimika kutengeneza mpira huo mwenyewe, utepe wa tyubu ya baiskeli unafaa pale ukingoni. Usiutandaze ndani, kwa sababu salfa iliyomo kwenye mpira wa tyubu huitia weusi shaba, na pini nyingi ni za shaba nyeupe.

Sasa sponji, na hapa ndipo pa kutulia. Sponji ya godoro ni rahisi kupatikana na ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Vitundu vyake vimefunguka, hunywa unyevu na kuushikilia pale pale chuma kilipolala. Ikifikisha miaka michache huanza kumeguka unga unaonata, na unga huo ukiingia kwenye silinda ya mteja umejitafutia kesi. Unayoitaka ni ya vitundu vilivyofungwa. Ipo ya aina mbili mitaani: ile nyeupe nyepesi inayofungiwa runinga na friji, na ile ngumu ya malapa, ambayo pia huuzwa kama mikeka ya kuunganisha ya watoto, ya rangi mbalimbali na unene wa karibu milimita 10. Jaribu kwa kudondosha kipande ndani ya maji, ukikamue kwa vidole kikiwa humo, kisha ukikate katikati: kikiwa kikavu kwa ndani, kinafaa.

Panga tabaka kabla ya kununua. Kwa kina cha milimita 80 weka sakafu ya milimita 10 isiyokatwa, juu yake milimita 40 ya matundu ya zana nene, kisha trei ya plaiwudi ya milimita 3 yenye sponji ya milimita 15 kwa vichokoo na vikaza, na sponji ya kifuniko milimita 15. Jumla ni 83. Zile 3 za ziada ndizo zinazobana zana bodaboda inaporuka mashimo. Zikizidi 5, bawaba zitaanza kulalamika. Sakafu iwe ya rangi nyingine, nyekundu au njano, ili tundu lililo wazi likupigie kelele kabla hujatoka nyumbani kwa mteja.

Chora kwenye karatasi kwanza. Kati ya tundu na tundu bakisha milimita 10, na ukingoni 15, la sivyo ukuta utachanika. Sponji laini ikatwe pungufu ya zana kwa milimita 1, ngumu ikatwe sawasawa. Vichokoo havihitaji tundu la umbo lake, kwani chuma chenyewe ni chembamba hata milimita moja hakifiki. Mchano mmoja wa kisu unakishika, na nafasi ya kuchonga ni ya mpini tu. Kila zana ipate pia pa kuingiza kidole. Bomba la maji la nusu inchi linamaliza hilo haraka: lina kipenyo cha nje cha milimita 21 hivi, na ukilinoa kwa upande wa ndani litakata duara la kipimo hicho.

Wembe uwe mpya, usimame wima, upite mara tatu nne badala ya kukandamiza mara moja. Kisu butu huibonyeza sponji kwanza ndipo kikate, na ikirudi juu kuta zinakuwa zimelala. Waya wa moto usiupeleke kamwe kwenye sponji ya godoro, moshi wake ni sumu.

Pini na springi hazikai kwenye sponji. Zitie kwenye kikasha chenye vyumba, ufunike kwa kipande cha sponji cha milimita 3 kabla ya kifuniko chake, vinginevyo kikigeuka tu zimechanganyika zote. Vifuko viwili vya silika, vya kunyonya unyevu, vitoshe, navyo vibadilishwe masika. Paka zana mafuta ya cherehani, kisha uzifute hadi zisilowe mkononi, kwani mafuta yaliyobaki hukusanya vumbi, na vumbi la Tabora wakati wa kiangazi halina adabu.

Mfuko wa kifunikoni ni wa karatasi: nakala ya leseni ya biashara, kitambulisho cha NIDA, na daftari la kazi lenye jina la mteja, mahali na saa. Usilichukulie kama pambo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na kuthibitisha sababu hiyo ni juu yake yeye.

Gundi ndiyo ya mwisho, maana ikitangulia hukauka ngumu njiani mwa wembe. Panga tabaka zote zikiwa kavu, funga, geuza sanduku juu chini na ulitikise. Kikisikika kitu, tafuta tundu lililolegea uliongezee kipande. Pasipo sauti, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ubandike. Liache wazi siku tatu kivulini kabla ya kurudisha zana, hasa zenye mipini ya plastiki, kwani mvuke wa gundi huilainisha.