Hiyo "bi" kwenye pakiti ya soda

Ukinunua soda ya keki Marikiti, hasa ile inayopimwa kwenye vijaluba visivyo na nembo, uliza au soma jina la kemikali. Likiwa bikaboneti ya sodiamu, au sodiamu haidrojeni kaboneti, chukua. Ni kitu kimoja, NaHCO3. Likiwa sodiamu kaboneti tu, bila "bi" wala "haidrojeni", rudisha: hiyo Na2CO3 ni soda ya kufulia nguo.

"Bi" ndiyo huchanganya watu. Haina maana kwamba ndani mna kaboneti mbili. Ni jina la zamani: kwa kiasi kilekile cha sodiamu, kaboneti ya soda ya keki ni mara mbili ya ile ya soda ya kufulia. Wanakemia wa leo hupendelea hilo la haidrojeni, na mimi nawaunga mkono, maana linataja kilichomo.

Na magadi je? Yale mabonge ya Ziwa Magadi tunayotia chembe kwenye maharagwe ni soda hizo mbili, ya keki na ya kufulia, zimeshikamana pamoja na maji. Niliwahi kuyasaga nikatia kijiko kizima kwenye keki. Ikatoka manjano, inanuka sabuni. Hata paka hakuisogelea.