Kufunga lenzi za kamera nyingine kwenye kamera ya fomati ya kati

Mwenye kamera ya dijitali ya fomati ya kati, yaani yenye sensa (sehemu inayonasa picha) kubwa kuliko filamu ya milimita 35, kama Fujifilm GFX 50S ya mwaka 2017, anaweza kutumia lenzi za zamani za Nikon, Pentax au Mamiya kwa kuzifunga na adapta, yaani pete inayokaa kati ya lenzi na kamera. Kutoka mdomo wa GFX, mahali lenzi inapofungwa, hadi kwenye sensa ni milimita 26.7, ilhali lenzi ya Nikon F iliundwa kukaa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, hivyo adapta inajaza milimita 19.8 zilizobaki. Adapta ikizidi unene hata kidogo, kilima cha Mlimwa hakitatulia kwenye fokasi hata ukizungusha ringi hadi mwisho. Kwa hiyo ijaribu kwa kitu cha mbali kabla ya kuilipia, na ufanye hivyo asubuhi, kwa sababu joto la mchana hapa Dodoma hutikisa hewa na kuisingizia lenzi kosa lisilo lake.

Suala zito zaidi ni pembe za picha. Sensa ya GFX ina milimita 43.8 kwa 32.9, yaani takriban 55 kutoka pembe hadi pembe, wakati lenzi za filamu ya milimita 35 zilikusudiwa kufunika 43 tu. Lenzi nyingi ndefu, zinazovuta vitu vya mbali, hufunika zaidi ya hapo, lakini zile pana, zinazoonyesha eneo kubwa, mara nyingi huacha pembe nyeusi. Nilipoupiga mbuyu kwa lenzi ya namna hiyo apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) ikiwa wazi kabisa, weusi ule ulififia taratibu angani na nikauvumilia. Nilipoibana apecha hadi f/11, yaani tundu dogo, ukageuka kuwa tao lenye ukingo mkali. Jaribu basi kila lenzi kwa apecha utakayoitumia kweli, ukielekeza kamera kwenye ukuta mweupe. Lenzi za Mamiya 645 hazina tatizo hili, kwa kuwa filamu yake ilikuwa kubwa kuliko sensa, nami ningemshauri anayeanza aanzie hapo.

Kwenye menyu, ruhusu kamera ipige bila lenzi, la sivyo shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) haitafyatuka, kwa sababu adapta isiyo na umeme haitambuliwi. Apecha utaipanga kwenye ringi ya lenzi yenyewe. Fokasi utaitafuta kwa mkono, ukiwa umekuza picha kwenye skrini. Hasselblad X1D, kamera nyingine ya fomati ya kati, haina shata ndani ya bodi, hivyo kwa lenzi hizi hutegemea shata ya kielektroniki, ambayo hupindisha vitu vinavyokwenda kasi.

Chungulia pia ndani ya adapta: ikiwa inang'aa, jua la jioni litaipausha picha, na kitambaa cheusi cha mahameli kilichobandikwa vizuri hutosha kulizuia. Msimu wa upepo, badilisha lenzi ndani ya gari lililofungwa vioo, mdomo wa kamera ukitazama chini.