Kundi la baiskeli na ujumbe unaobadilika: namna ya kuweka kikomo cha kuhariri

Phoenix ya kijani, karia ya chuma, breki za vyuma si za waya, sh. 120,000. Tangazo liliingia kwenye kundi letu la wapenda baiskeli saa moja usiku. Dakika tano baadaye mzee mmoja wa Muheza akajibu, "Nachukua." Asubuhi akapanda daladala mpaka Tanga mjini, akashuka, akatembea kwa miguu hadi Ngamiani na pesa yake mfukoni.

"Shikamoo mzee. Ndiyo hii hapa. Laki na nusu."

"Marahaba. Jana uliandika laki na ishirini."

"Hebu soma tena, mzee wangu."

Mzee akatoa simu, akavaa miwani. 150,000. Pembeni ya saa ya ujumbe kuna kialama kidogo cha kuonyesha kuwa umehaririwa, basi. Jibu lake la "Nachukua" liko pale pale chini, kana kwamba alikubali laki na nusu tangu mwanzo. Wote wawili wakanipigia mimi, admini, kila mmoja akiwa na hasira yake.

Kabla ya mwaka 2023 kesi ya namna hii haikuwepo WhatsApp. Ukikosea, unafuta, au unaandika neno sahihi chini yake na kinyota. Kitufe cha kuhariri kilipokuja nilikifurahia, maana wana baiskeli wa Tanga ni mafundi wa spoku, si wa tahajia. Sikujua kitaniletea wageni wa asubuhi. Hivi ndivyo tulivyolipanga kundi baada ya hapo. Ukiwa na kundi la njiwa, la bustani au la kuvua kwa mshipi, utabadilisha mifano tu.

Hatua ya 1: Jua programu yako inaruhusu nini

Usitunge kanuni kabla ya hili. Kwenye WhatsApp mwanachama ana dakika 15 za kuhariri tangu alipotuma. Wewe admini huwezi kuzipunguza wala kuziongeza. Maneno ya zamani hayaonekani popote, na ujumbe uliohaririwa haulizi simu upya, kwa hiyo aliyekwisha kuusoma hana habari. Kufuta kwa wote ni muda mrefu zaidi, siku mbili na ushee, na admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote.

Telegram ni kinyume. Muda wa kuhariri ni saa 48, mrefu mno kwa kundi lenye biashara, lakini admini ana orodha ya matendo ya karibuni inayomwonyesha ujumbe ulivyokuwa na ulivyogeuzwa. Orodha hiyo nayo inabaki saa 48 tu, kwa hiyo malalamiko ya wiki iliyopita usiyapokee, huna ushahidi.

Hatua ya 2: Chagua ujumbe usioguswa

Huwezi kulinda kila salamu, na hakuna haja. Sisi tulichagua vitu vitatu: bei, kipimo, na ushauri wa ufundi. Bei umeiona. Ushauri wa ufundi ndio nilioupuuza mwanzoni, na ndio ulioharibu baiskeli ya mtu.

Kijana aliuliza pedeli inafunguliwaje. Mwenzake, mwenye haraka ya kujibu kuliko wote, akaandika kwamba pedeli zote mbili unazungusha kinyume cha mishale ya saa. Ya kulia ni kweli. Ya kushoto ina nyuzi za skrubu za upande wa pili: inafunguka kwa kufuata mishale ya saa, imetengenezwa hivyo ili mguu ukikanyaga isijilegeze. Fundi mmoja wa Makorora akamsahihisha pale pale. Yule mwenye haraka akauhariri ujumbe wake ukawa sahihi, bila neno. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, fundi akaonekana amechanganyikiwa, anapinga kitu ambacho hakipo, na wageni wakaanza kumcheka. La pili ni baya zaidi: muulizaji alikuwa ameshasoma ule wa kwanza na kushika spana. Alikuwa anaikaza pedeli ya kushoto kwa nguvu zake zote akidhani anaifungua. Nyuzi za mkono wa pedeli zikaliwa.

Ndiyo maana kwetu ushauri wa ufundi ukishajibiwa haufutwi wala hauhaririwi. Kosa linabaki pale, na sahihisho linakaa chini yake. Watu wanajifunza kwenye kosa kuliko kwenye jibu safi.

Hatua ya 3: Andika kanuni ambayo mtu ataisoma akiwa kwenye foleni ya mkate

Tulianza na kurasa mbili, hakuna aliyesoma. Sasa ni mistari minne:

Kosa la herufi, hariri upendavyo.
Bei, kipimo na ushauri havihaririwi mtu akishajibu. Tuma ujumbe mpya unaoanza na neno SAHIHISHO.
Anayenunua ataje bei kwa maneno yake mwenyewe.
Bei iliyotajwa na pande zote mbili ndiyo bei.

Mstari wa tatu ndio roho ya jambo. "Nachukua" peke yake ni neno linaloning'inia. Andika "Nachukua kwa laki na ishirini." Huo ni ujumbe wako, na muuzaji hana kitufe cha kuuhariri. Angalia pia kwamba kikomo chetu hakihesabu dakika, kinaangalia jibu. Dakika 15 zinatosha kabisa kumgeuza mtu, kwa hiyo mlango tunaufunga pale mtu wa kwanza anapojibu, hata ikiwa ni baada ya sekunde 20.

Kanuni ziweke kwenye maelezo ya kundi. Ukizibandika juu peke yake, WhatsApp inakupa siku 30 tu kwa muda mrefu kabisa, kisha zinatoweka na wewe umesahau.

Hatua ya 4: Tangazo lenye vipimo kamili

Mabishano mengi ya kuhariri yanatokana na tangazo la ovyo. Mtu anaandika "tairi 28", anaulizwa maswali kumi, anabadilisha kila dakika. Mwambie asome namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi. "28" ya baiskeli nzito za kizamani ni 635, "28" ya baiskeli nyingi za sasa ni 622, na hizo ni milimita 13 za tofauti kwenye kipenyo. Haivaliki. Tangazo bila namba ya ubavuni tunalifuta, muuzaji analituma upya. Picha, namba, bei, mtaa. Imetosha.

Hatua ya 5: Mlango

Washa ruhusa ya admini kwa wanaojiunga. Tanga tunasemwa "waja leo waondoka leo", ni utani wetu wa mji, lakini kwenye kundi wapo kweli: anaingia asubuhi, anamwaga matangazo ya mikopo, jioni hayupo. Mimi namuuliza kila anayeomba swali moja: unaendesha baiskeli gani? Wa matangazo hawajibu.

Habari za uvumi zisizohusu baiskeli nafuta bila mjadala. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inagusa usambazaji wa habari za uongo, na sitaki kuisomea kituoni.

Hatua ya 6: Namna ya kumshika aliyekosea

Usimwaibishe hadharani. Mfuate pembeni, salamu kwanza, hasa akiwa mkubwa wako. Ujumbe wangu huwa hivi: "Shikamoo mzee. Naona bei ya ile rimu imebadilishwa baada ya kaka kujibu. Naomba uirudishe au uweke SAHIHISHO, ili asije akafika kwako kwa bei nyingine." Tisa kati ya kumi, kwa makadirio yangu, wanaona aibu na kurekebisha. Akirudia, tangazo linafutwa. WhatsApp haina namna ya kumnyamazisha mtu mmoja, ni kumtoa au kumwacha. Telegram inaweza. Kabla ya kumtoa mtu, zungumza na maadmini wenzako, na kila anayelalamika alete picha ya skrini.

Ugomvi ukiwaka, funga kundi liwe la maadmini pekee. Saa moja inatosha. Niliwahi kulifunga usiku kucha, asubuhi nikakuta wameanzisha kundi jingine la kunisema.

Hatua ya 7: Admini naye

Jumapili moja tulipanga safari ya Mapango ya Amboni. Niliandika tukutane saa kumi na mbili asubuhi, kisha nikakumbuka nina shughuli, nikahariri: kumi na mbili na nusu. Dakika tatu tu zilikuwa zimepita. Watu saba waliosoma mwanzo walisimama kando ya barabara nusu saa nzima, na mmoja alinipokea kwa maneno, "Admini, SAHIHISHO liko wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo tangazo langu lolote, la kuuza au la safari, linasimamiwa na admini mwingine, na yeye ana ruhusa ya kulifuta.

Ile Phoenix ilirudishwa kwenye kundi na sahihisho, 135,000, ikachukuliwa na mtu wa Pongwe. Mzee wa Muheza hakuitaka tena. Alinunua nyingine baada ya mwezi, na jibu lake kwenye kundi lilisomeka hivi: "Nachukua kwa shilingi laki moja na kumi elfu tu, leo Jumanne, saa mbili usiku, na kengele yake."