Keni mbili kila jioni: hivyo ndivyo mnavyoua bustani zenu kwa kiu

Nikifika kwenye bustani ya mboga iliyodumaa, maneno ya kwanza ninayopokelewa nayo ni haya: "Lakini bwana shamba, mimi namwagilia kila siku!" Najua unamwagilia. Ndiyo maana naandika.

Juzi nilisimama kwenye tuta la nyanya lililokuwa limetoka kumwagiliwa. Juu udongo mweusi, unang'aa, ungeapa umeshiba. Nikachomeka mwiko wa bustani katikati ya mashina mawili na kugeuza bonge. Sentimita 4 za juu zilikuwa tope. Chini ya hapo, vumbi. Mizizi ilikuwa imejisokota yote kwenye kile kitambaa chembamba cha unyevu, kama uzi uliotatizika, hakuna hata mmoja uliothubutu kushuka. Mwenye shamba alitazama shimo, akatazama keni yake, akanyamaza.

Hebu tufanye hesabu, kwa sababu kosa lenyewe liko kwenye hesabu. Lita 1 ya maji ikimwagwa kwenye eneo la mita 1 ya mraba inatoa kina cha milimita 1. Tuta la mita 1 kwa mita 3 ni mita 3 za mraba. Keni 2 za lita 10 kwenye tuta hilo hazifiki hata milimita 7. Udongo tifutifu uliokauka ukipata kiasi hicho hulowa sentimita 5, ukibahatika. Na tabaka hilo ndilo jua na upepo vinalolikausha kwanza. Kufikia mchana wa kesho sehemu kubwa ya maji uliyobeba imeshapaa.

Kwa tuta hilo hilo lenye mimea iliyokwisha kushika, mwaga milimita 20 kwa mkupuo mmoja, yaani lita 60, keni 6, kisha uliache siku 4 au 5. Jua likiwa kali sana, siku 3. Sasa linganisha: wewe kwa siku 5 umebeba keni 10 na mmea una kiu, anayefuata ratiba hii amebeba 6 na maji yamefika kwenye mizizi. Mgongo unaumia wako na mazao hupati.

Udongo wa mfinyanzi una shida yake, haunywi haraka. Ukimwaga keni zote kwa pamoja maji yatakimbilia njiani. Gawa mara tatu: mwaga theluthi, subiri dakika 15, rudia. Siku hiyo utamwaga keni 7 hadi 8, lakini hutarudi mpaka siku ya 6. Udongo wa kichanga ni kinyume chake, hauhifadhi maji, kwa hiyo keni 3 hadi 4 kila baada ya siku moja. Ukikimwagia kichanga keni 8 unayapeleka maji na mbolea chini kusikofikiwa na mzizi wowote.

Usiniamini mimi, pima. Chukua kipande cha nondo nyembamba, kitie alama kwenye sentimita 20. Saa 3 baada ya kumwagilia (mfinyanzi ungoje hadi asubuhi yake) kisukume kwa mkono, bila nyundo. Kwenye udongo uliolowa kinazama kama kwenye uji mzito. Kikigota, ujue hapo ndipo maji yalipoishia. Kikigota kwenye 8, hujamwagilia, umepangusa vumbi. Na kabla ya kumwagilia tena, chimba sentimita 10, finyanga udongo kiganjani. Ukishikana donge, ahirisha hadi kesho. Ukimeguka, beba keni.

Tena ipimeni hiyo keni yenyewe. Wengi mnasema "lita 10" wakati mnaijaza robo tatu ili isimwagike njiani. Hiyo ni lita 7 na nusu, na hesabu yote inaharibika.

Angalizo, na hapa nawajua, mtasoma nusu ya makala na kukimbilia shambani: usitoke kwenye kila siku ukaruka moja kwa moja hadi siku ya 5. Mizizi yako bado iko juu, utaiua. Wiki ya kwanza mwaga keni 4 kila baada ya siku moja; wiki ya pili keni 5 kila baada ya siku mbili; ndipo uingie kwenye ratiba kamili. Kitalu hakihusiki kabisa na haya: mbegu iko sentimita 1 chini, nayo inataka unyevu wa juu juu asubuhi na jioni mpaka iote. Miche iliyohamishwa nayo ipe maji kila siku kwa siku 7 hadi 10 za mwanzo.

Manyunyu ya mvua yasikudanganye. Weka kopo lililonyooka ubavuni, lisilo na mfuniko, katikati ya bustani, na rula ndani yake. Milimita 3 si mvua, ratiba inaendelea kama kawaida.

Mwagilia asubuhi, kwenye shina na si juu ya majani. Jani linalolala na maji linaukaribisha ukungu. Matandazo ya nyasi kavu sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

Nyanya ndizo zinazolipa gharama kubwa ya kosa hili. Leo kiu, kesho mafuriko, keshokutwa kiu tena: madini ya chokaa (kalsiamu) yanayotembea na maji hayafiki kwenye tunda, na kitako kinaoza, doa jeusi lililodidimia. Mkulima ananunua dawa ya ukungu. Hakuna ukungu hapo! Kuanzia maua ya kwanza hadi tunda linenepe, usiruke zamu hata moja. Kabichi ni wakati wa kufunga kichwa. Vitunguu ni wakati wa kutunga, kisha majani yakianza kulala unakata maji kabisa, kama wiki 2 kabla ya kung'oa, vinginevyo vitaozea ghalani.

Ukifanya sawasawa, mimea itasimama hata saa 8 mchana.

Ikisinyaa mchana na kuamka jioni, iache. Ikiwa bado imesinyaa alfajiri, chimba kwanza. Pakavu, mwagilia. Pamelowa na nyanya bado imelala, acha keni chini: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi na utazame kwa dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mche na mizizi yake, uchome moto, na usipande nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo hapo kwa misimu kadhaa.